Jina Lisilo na Wino

Jalada la santuri ya The Beatles, Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, kazi ya Peter Blake na Jann Haworth ya mwaka 1967, lilisheheni nyuso na rangi hata jicho likakosa pa kutua. Mwaka uliofuata bendi hiyo ilimkabidhi jalada la santuri mpya msanii Mwingereza Richard Hamilton. Akawapa weupe mtupu.

Jina la bendi lilikuwepo, ila halikuchapwa kwa wino. Liliinuliwa juu ya karatasi kwa mgandamizo, likakaa mshazari kidogo upande wa kulia, chini ya katikati. Kazi ya namna hii huhitaji kalibu mbili zinazooana: moja ina herufi zilizotokeza, nyingine zilizozama. Karatasi hubanwa katikati yake, nyuzi zake zikanyumbuka na kubaki na umbo hilo. Ikiwa nyembamba mno hupasuka kwenye kingo za herufi, na ndiyo sababu mafundi hudai karatasi nene.

Pasipo wino, msomaji husoma kivuli. Mwanga ukitoka ubavuni jina hujitokeza. Ukipiga kutoka mbele moja kwa moja, hufifia. Kwenye jalada la Hamilton udhaifu huo ulivumilika kwa sababu hakukuwa na picha wala rangi ya kushindana na kivuli. Mbonyeo uleule ungewekwa juu ya jalada la Blake, nani angeuona?

Kisha akaongeza namba ya mfululizo kwenye kila nakala, kana kwamba ni chapa adimu za msanii, ilhali santuri zilitolewa kwa mamilioni. Mzaha huo ulizaa fedha: mwaka 2015 nakala namba 0000001, iliyokuwa ya Ringo Starr, iliuzwa mnadani kwa dola 790,000.

Baadhi ya matoleo ya baadaye yaliacha kalibu, jina likachapwa kwa wino wa kijivu. Linasomeka vizuri zaidi, lakini kidole hakina tena cha kupapasa. Herufi za kuinuliwa hutumika pia kwenye kadi za biashara, na huko wateja wengi hukosea kinyume chake, kwa kuzidisha: wanataka dhahabu, mng'ao na mbonyeo kwenye kadi moja, kila kimoja kikimziba mwenzake. Tena husahau mgongo wa kadi. Herufi iliyoinuka mbele huacha shimo nyuma. Kwenye jalada la santuri shimo hilo hufichika ndani, lakini kwenye kadi huangukia juu ya namba ya simu.