Kipande cha Ngozi kutoka Kodera

Usubi huitwa pia upofu wa mto, na jina hilo hupotosha: linakupeleka machoni, ilhali ugonjwa wenyewe huanza kujitangaza ngozini. Zamani ulikuwapo magharibi mwa Kenya, katika msitu wa Kodera na kando ya Mto Gucha.

Mgonjwa huja akijikuna. Mwenye vipele utamdhania ana upele wa kawaida. Mwingine ngozi imekauka na kukunjamana kama ya mjusi. Anayetatiza zaidi ni yule mwenye mabaka meupe kwenye miundi, yenye vitone vyeusi kama ngozi ya chui, kwani wa kwanza kutajwa huwa ukoma. Mguse kwa pamba. Baka la ukoma limekufa ganzi. La usubi linahisi.

Kisha hukatwa kipande. Sindano huinua ngozi ya nyonga, wembe hukata kidogo kuliko punje ya mtama, damu isitoke, na kipande huwekwa kwenye tone la maji ya chumvi. Baada ya muda, viluwiluwi vya mnyoo anayesababisha usubi huogelea chini ya hadubini. Nyonga huchaguliwa kwa sababu Afrika minyoo hujazana sehemu za chini za mwili. Guatemala, ugonjwa ulipokuwapo, wapimaji walikata begani.

Lakini kipimo hiki kina udhaifu wa ajabu. Kuna sura iitwayo sowda, maarufu Yemeni, ambapo mguu mmoja huvimba na kuwa mweusi. Hapo kinga ya mwili huwaua viluwiluwi kwa ukali, hivyo ngozi iliyoharibika kuliko zote ndiyo inayotoa kipande karibu kitupu. Anayeamini hadubini peke yake atamrudisha mgonjwa nyumbani.

Mwaka 1946 watafiti Garnham na McMahon walitia DDT katika mito ya Kodera kumwangamiza nzi Simulium neavei, anayeeneza mnyoo huyo, kabla mtu yeyote hajamwona buu wake. (Alipatikana 1950, kang'ang'ania kaa wa mtoni!) Nzi akatoweka. Mnyoo jike, hata hivyo, huishi mwilini zaidi ya miaka 10, kwa hiyo kujikuna kwa wazee hakukuthibitisha lolote. Roberts na wenzake, katika ripoti yao ya 1967, walikata ngozi nchini Kenya miaka 9, 11 na 18 baada ya nzi kuisha. Vipande walivyovihitaji zaidi vilikuwa vya watoto waliozaliwa baada ya DDT, na vilikuwa vitupu.