Injini Imenoki: Uhakiki wa Istilahi za Kufufua Injini Yenye Tabo

Kazi ya kukuza na kusanifisha istilahi, ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa lilikabidhiwa na sheria ya mwaka 1967, mara nyingi hupimwa kwa wingi wa maneno yaliyokwisha kuorodheshwa. Kipimo hicho kina manufaa yake, lakini hakitoshi. Orodha yaweza kuwa ndefu na bado ikamwacha mtumiaji gizani mahali pale hasa anapohitaji mwanga. Katika makala haya tunakusudia kutumia kipimo kingine: tutaichukua kazi moja ya ufundi, tuyafuate maneno yake tangu mwanzo hadi mwisho, na kuuliza kama maneno hayo yanatenganisha mambo ambayo kazi yenyewe inayatenganisha.

Kazi tuliyoichagua ni kufufua injini yenye tabo iliyoharibika, nayo tunaitazama jinsi inavyofanywa uani kwa mtu, chini ya mwembe au kibanda cha mabati, bila mitambo ya kiwanda. Mfano wetu ni injini ya EJ205 iliyomo katika baadhi ya magari ya Subaru Forester yaliyoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Injini hii ina silinda 4 zilizolala, mbili kila upande. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 92 na mwendo wa pistoni ni milimita 75, na kwa hesabu hiyo ujazo wake ni sentimita za ujazo 1994. Tabo yake huendeshwa na moshi utokao katika silinda. Moshi huo huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Mhimili mmoja huliunganisha na gurudumu la pili, ambalo huvuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda, nao mhimili huo waweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Wazo hilo ni la zamani: mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905, na mwaka 1962 magari ya abiria yenye tabo yalianza kuuzwa Marekani.

Kwanza yatupasa kuwapa mafundi haki yao. Hatua kuu za kazi hii wamekwisha kuzipa majina, tena majina ya Kiswahili safi. Injini *hushushwa*, *hufumuliwa*, *husafishwa*, *hupimwa*, *hufungwa*, kisha *hupandishwa*. Hebu tulitazame neno *kufumua*. Mwenye kufumua mkeka au mshono hukata na kuvuta kwa utaratibu, akijua ukindu upi ulisukwa mwisho, kwa kuwa huo ndio utakaotoka mwanzo. Injini ya EJ205 haifumuliwi kwa namna nyingine. Bloku yake ni ya vipande viwili, na kabla vipande hivyo havijaachanishwa, pini za pistoni sharti zitolewe kupitia matundu yaliyowekwa ubavuni kwa ajili hiyo. Asiyejua mpangilio huo atakuta bloku haiachani, na akitumia nyundo ataivunja. Mwanaistilahi akikaa mezani na kuunda neno refu lenye maana ya kutenganisha sehemu za mtambo, atakuwa ametupa bure neno ambalo linabeba ndani yake onyo la kazi yenyewe.

Hata hivyo, si kila neno la gereji linastahili sifa hizo. Neno linalotawala uwanja huu ni *kunoki*. Gari likizimika njiani baada ya kelele, husemwa injini *imenoki*, na mwenye gari huridhika kwamba ameelezwa. Kwa kweli hajaelezwa kitu. Neno hilo moja limebebeshwa mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kulipuka kwa mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda: badala ya moto kusambaa kwa utaratibu kutoka kwenye plagi, sehemu ya mchanganyiko ambayo haijafikiwa na moto hulipuka yenyewe kwa joto na shinikizo. La pili ni mgongo wa konrodi juu ya krenki, pale beringi inapokuwa imelika na chuma kinagonga chuma. La tatu ni kushikana, yaani sehemu zinazozunguka kugandamana hata krenki haiwezi kuzungushwa kwa mkono.

Tofauti hizi si za kisomi tu. Kulipuka huvunja pistoni na kingo zinazoshikilia ringi; chanzo chake huweza kuwa petroli yenye oktani ndogo kuliko iliyokusudiwa, petroli kuwa kidogo mno kulingana na hewa, au tabo kushindilia hewa kupita kiasi. Kugonga kwa beringi chanzo chake mara nyingi ni oili: imepungua, imechakaa, au haifiki inakotakiwa. Kushikana ni mwisho wa safari, na kwaweza kuletwa na mojawapo ya hayo mawili au na joto la injini iliyoishiwa maji. Fundi aliyefundishwa neno moja atatafuta dawa moja. Atabadili beringi na ringi, atafunga injini, naye hatagusa nozeli zilizoziba wala bomba jembamba linalopeleka oili kwenye tabo. Injini itanoki tena baada ya muda mfupi, na gharama yote itakuwa imepotea. Hapa upungufu wa lugha umeingia katika mfuko wa mwananchi.

Tunapendekeza basi kwamba *kunoki* liachwe katika mazungumzo ya kawaida kwa maana ya injini kufa, lakini katika maandishi ya mafunzo yatumike maneno matatu: *kulipuka*, *kugonga* na *kushikana*. Hakuna hata moja linalohitaji kuundwa. Yote matatu yamo vinywani mwa watu; kazi ya msanifishaji ni kuyawekea mipaka.

Jambo la pili tunalotaka kulihakiki ni nafasi zilizomo ndani ya injini. Gereji ina neno zuri kwa nafasi iliyozidi: beringi *inacheza*, mhimili wa tabo *unacheza*. Neno hili ni la lawama, kinachocheza kimeharibika. Tatizo ni kwamba mwanafunzi aliyelelewa na neno hilo peke yake hujifunza kwamba nafasi yoyote ni kasoro, na kwamba injini bora ni ile iliyobanwa pande zote. Hilo ni kosa kubwa. Kati ya beringi na shingo ya krenki lazima pawe na nafasi ya utando wa oili. Kwa kanuni ya kawaida nafasi hiyo ni karibu sehemu moja kwa elfu ya kipenyo cha shingo, maana yake shingo ya milimita 50 yahitaji karibu milimita 0.05, ambayo ni pungufu ya unene wa unywele wa kawaida. Ikikosekana, oili haipiti. Ikizidi, shinikizo la oili hushuka. Ringi nazo zina nafasi kati ya ncha zake. Zikipata moto hurefuka, na ncha zikikutana ringi hubana ukuta wa silinda na kuvunja pistoni. Kwa kuwa injini yenye tabo hupata moto zaidi, nafasi hiyo huwekwa kubwa kuliko ya injini ya ukubwa uleule isiyo na tabo.

Nafasi ya namna hii, iliyopangwa na yenye manufaa, yafaa iitwe *mwanya*. Waswahili wamekwisha kutufundisha kwamba mwanya si pengo. Mtu mwenye pengo amepoteza jino. Mwenye mwanya amejaliwa uzuri, na husifiwa kwao. Tukisema *mwanya wa oili*, *mwanya wa ringi* na *mwanya wa valvu*, mwanafunzi ataelewa tangu siku ya kwanza kwamba anatakiwa kuupima na kuutunza. *Kucheza* libaki kwa mwanya uliozidi kwa kulika. Kwa jozi hii ya maneno, sentensi kama “mwanya wa oili umezidi, krenki inacheza” inakuwa kauli kamili ya kitaalamu, nayo haimtishi mtu yeyote.

Tatu, kuna neno *kukaza*. Bolti ya namba ya gari hukazwa, na bolti ya hedi hukazwa. Neno ni moja, lakini kazi mbili hizi hazikaribiani. Bolti za hedi za injini ya mfano wetu hufuata mpangilio maalumu: hukazwa kwa kipimo, hulegezwa, hukazwa tena, kisha huzungushwa kwa idadi ya nyuzi iliyoandikwa na watengenezaji. Agizo la “kaza sana” hapa ni sawa na kumwambia mpishi atie chumvi nyingi. Hedi iliyokazwa ovyo hupinda, gasketi huvuja, na maji huingia ndani ya silinda. Tunaona inatosha kusema *kaza kwa kipimo* pale inapotumika spana ya toki, ambayo husomwa kwa Newton-mita, na *kaza kwa nyuzi* pale pembe inapopimwa. Wako watakaotaka *toki* liitwe nguvu ya kukaza. Hatukubaliani nao, kwa sababu nguvu limekwisha kupewa kazi nyingine katika masomo ya fizikia, na istilahi inayoazima jina la jirani yake huleta ugomvi nyumbani kwa wote wawili.

Nne ni *mafuta*. Neno hili hutumika kwa petroli, dizeli, samli, nazi na kile kilainishacho vyuma. Mafundi wametatua utata huu zamani kwa kuita kilainisho hicho *oili*. Wako wapenzi wa lugha wanaochukizwa na neno hilo na kutaka *mafuta ya kulainishia mitambo*. Nia yao ni njema, lakini agizo “angalia mafuta kabla ya kuwasha” laweza kumfanya dereva aangalie tangi la petroli na kuacha krenki ikauke. Katika injini yenye tabo hatari ni kubwa zaidi. Beringi zikilika, vumbi la chuma huenea pamoja na oili hadi kwenye tabo na kipoza oili. Yote hayo hayana budi kusafishwa au kubadilishwa, na injini mpya izungushwe kwanza bila kuwashwa mpaka shinikizo la oili lionekane. Neno fupi lisilo na mshirika ndilo linalofaa katika maagizo kama haya. *Oili* limeingia, limezoeleka, na lihesabiwe kuwa la Kiswahili.

Hoja hiyo yatuleta kwenye swali la maneno ya kubuni. Tuchukue umbo kama *fitokombo* kwa maana ya krenki. Umbo hili limeundwa vizuri, na picha yake ni ya kweli, maana krenki ni fito iliyopinda. Lakini mtu akienda dukani kuulizia fitokombo atarudi mikono mitupu. Au tuchukue *kishindilia hewa* badala ya *tabo*. Neno hilo laeleza nusu tu ya chombo, kwa kuwa viko vishindilia hewa vingine ambavyo huendeshwa na mshipi kutoka kwenye krenki wala havitumii moshi hata kidogo. Kinyume chake, *kishindilia hewa* lafaa sana kuwa jina la jamii nzima, na *tabo* likawa jina la aina moja ndani ya jamii hiyo. Hivyo neno la kubuni na neno la kukopa yatasaidiana, kila moja katika daraja lake.

Mahali pamoja ambapo gereji yahitaji msaada wa haraka ni katika vipimo vya vipuri. Krenki iliyolika husagwa ili shingo zake ziwe laini tena. Ikipunguzwa milimita 0.25 katika kipenyo, kila kipande cha beringi yake sharti kiwe kinene zaidi kwa milimita 0.125. Basi shingo imekuwa ndogo na beringi imekuwa nene, na wateja huchanganyikiwa: waombe kubwa au ndogo? Tunapendekeza kipuri kiitwe kwa sehemu iliyopunguzwa, kwa mfano *beringi ya krenki pungufu 0.25*. Kwa silinda iliyotanuliwa, isemwe *pistoni ya silinda zidifu 0.50*. Tena litofautishwe neno *kusaga*, ambalo ni kazi ya jiwe, na *kukereza*, ambalo ni kazi ya kisu juu ya kerezo.

Mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, istilahi za ufundi zisishughulikiwe kwa mpangilio wa alfabeti ya lugha ya kigeni, bali kwa mpangilio wa kazi, hatua baada ya hatua. Pili, kila rasimu ya istilahi za mitambo ijaribiwe kwa kuandikwa agizo kamili, kisha fundi asiyehusika na uundaji wake apewe alitekeleze mbele ya injini iliyofumuliwa. Akikosea kwa sababu ya neno, neno hilo lirudishwe. Tatu, maneno ya mafundi yakusanywe pamoja na maana zake zote, hata zile zinazogongana, kwa kuwa mgongano huo ndio unaoonyesha mahali pa kuweka mpaka.

Wasomaji wetu, hasa walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wenyewe, wanaombwa watuletee maneno yatumikayo katika sehemu zao kwa mambo tuliyoyataja, na hasa kwa nafasi kati ya valvu na kisukumio chake, ambayo hatukuieleza humu kwa ufinyu wa ukurasa.