Panki ya Nairobi na Mapiko ya Cabo Delgado: Uhakiki wa Utendaji wa Kisiasa Unaojitegemea

Makala haya yanahakiki nyimbo za Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi, kwa kuzisoma kutoka mahali palipo mbali nazo: rasi ya Afungi, wilayani Palma, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, Msumbiji. Mjadala kuhusu panki barani Afrika umeegemea zaidi kusini. Filamu ya Punk in Africa (2012) inazungumzia Afrika Kusini, Msumbiji na Zimbabwe, na inaipa uzito unaostahili National Wake, bendi iliyowaunganisha weusi na weupe jukwaani wakati sheria za ubaguzi ziliwatenganisha. Hata hivyo, swali la nini maana ya muziki unaojitegemea kaskazini mwa Ruvuma na kusini mwake mara baada ya mto huo halijaulizwa vya kutosha, na pale linapoulizwa huanzia kwenye gitaa. Huo ni mwanzo wenye kasoro.

Tuanze na kazi zenyewe. Wimbo wa Crystal Axis uitwao “Nyayo House” unaitaja kwa jina nyumba ambayo kila Mkenya anaifahamu. Ghorofani wananchi hupanga foleni kuomba pasipoti. Chini ya ardhi ndimo walimoteswa watuhumiwa wa Mwakenya katika miaka ya 1980, enzi za utawala wa Daniel arap Moi. Wahakiki wanaoiona panki kuwa kelele tu hawajatafakari uhusiano wa kelele hizo na jengo hilo. Mateso yale yalifichwa na kimya cha ofisi, yaani mhuri, faili na foleni. Sauti iliyopasuka ya gitaa na koo inayokaribia kukauka vinafanya kazi ambayo lahani tamu isingeiweza: vinakataa kuligeuza jengo hilo kuwa kumbukumbu ya kutembelewa. Hapa umbo na maudhui vimeshikana barabara.

“Leopold”, unaomshutumu mfalme wa Ubelgiji kwa maovu ya Kongo, ni wimbo wenye hasira ileile lakini wenye hatari ndogo zaidi. Mshutumiwa alikufa mwaka 1909. Isitoshe, lugha inayotawala katika nyimbo hizi ni Kiingereza, uteuzi unaoufungua mlango wa London na kuuegesha ule wa Mtwara. Hoja hii isichukuliwe kuwa ya usafi wa lugha. Ni hoja ya hadhira: kijembe humchoma mtu anapokisikia mbele ya majirani zake, na majirani wakakielewa.

Hapo ndipo mapiko yanapohitajika katika mjadala. Mapiko ni ngoma ya vinyago ya Wamakonde wa nyanda za juu za Mueda na wilaya zinazozizunguka. Mchezaji, akiwa amefunikwa nguo mwili mzima na kinyago kikiwa kimevikwa kichwa kizima, hutoka mafichoni na kuingia uwanjani. Kihistoria imefungamana na jando, na siri yake ilikuwa kwamba ndani hamna mzimu bali mtu. Wakati wa ukoloni wachongaji walianza kutengeneza nyuso za Wareno na watumishi wao, na hadhira ikacheka waziwazi kile ambacho haikuthubutu kukisema. Baada ya uhuru wa 1975, serikali ya FRELIMO ilipozipiga vita mila za unyago na jando kwa jina la maendeleo, ngoma haikufa. Kila rika liliendelea kubuni mtindo wake, jina lake na nyimbo zake, na vikundi vya vijiji vikashindana kwa namna itakayowakumbusha wasomaji wa historia ya beni ushindani wa Marini na Arinoti.

Kikundi cha mapiko hujichangia chenyewe, huchonga chenyewe, hushona chenyewe na hutunga chenyewe. Hakingoji promota wala studio. Wanaharakati wa panki wa Uingereza wa mwaka 1976 wangeuita utaratibu huu ugunduzi wao. Cabo Delgado ni desturi. Kwa kipimo hiki, uwanja wa mapiko una uhuru mpana kuliko uga mdogo wa muziki mzito wa Nairobi, ambako hata Duma, wawili hodari kabisa, walihitaji lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, kuitoa albamu yao ya 2020.

Hata hivyo, mapiko yasipambwe kupita kiasi. Siri ya jando iliwafungia wanawake nje, na ngoma inayomdhihaki mtawala inaweza kumlinda mume. Jibu zuri zaidi halikutoka kwa wahakiki bali kwa wanawake wenyewe, waliobuni lingundumbwe, kinyago chao, na kuingia nacho uwanjani katika Nangade, Mueda na Muidumbe. Panki, ambayo nayo imezoea kuwa klabu ya wavulana, haina mfano mwingi wa uthubutu kama huo.

Afungi yenyewe si nchi ya mapiko hasa. Wenyeji wengi wa rasi ni Waislamu wasemao Kimwani, Kimakwe na Kiswahili, na kijiji cha Quitupo kilihamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi ambao Total iliuchukua mwaka 2019. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 viliufikia mji wa Palma tarehe 24 Machi 2021, na mwezi uliofuata mradi ukasimamishwa. Wapiganaji wametumia Kiswahili katika baadhi ya ujumbe wao wa video. Kwa hiyo lugha ya biashara na ujirani imeangukiwa na shuku isiyoistahili. Sera ya kukiacha Kiswahili mikononi mwa wenye bunduki, kwa kukiondoa katika nyimbo, redio na mikutano ya hadhara, ingekuwa kosa kubwa.

Kosa la pili liko karibu zaidi, kwa kuwa linafanywa kwa nia njema. Miradi ya kuwasaidia waliohamishwa hupenda ngoma, lakini huipenda wakati wa kumpokea mgeni. Kikundi kinapolipwa kucheza mbele ya mkurugenzi, hakitamchonga mkurugenzi huyo. Msumbiji inajua bei ya wimbo usiopokea amri: Azagaia aliitwa na waendesha mashtaka kwa ajili ya “Povo no Poder” mwaka 2008, na baada ya kifo chake, maandamano ya kumkumbuka tarehe 18 Machi 2023 yalitawanywa kwa mabomu ya machozi.

Tena kinyago kinahitaji mahali pa kuvaliwa pasipoonekana. Makazi ya waliohamishwa hupimwa kwa mistari iliyonyooka: kiwanja, barabara, kisima, shule. Kichaka hakimo katika ramani. Washauri wa sera wanaokusanya orodha za “mahitaji ya kitamaduni” wangefanya vyema kuuliza, kabla ya kununua ngoma na sare, ni kipande gani cha ardhi kitakachoachwa bila kupimwa, na nani atakayekatazwa kukiingia.