Sindano Kabla ya Kauli

Daktari wa wanyama anayeijua kazi yake akishapapasa uvimbe ubavuni mwa mbwa, hasemi neno. Mwenye mbwa anamkazia macho akingoja jibu, naye daktari anaomba sindano. Mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi bila madhara, na saratani ya seli za masti inayoweza kuua, huweza kuteleza chini ya vidole kwa namna ileile. Kadiri vidole vinavyozeeka kazini ndivyo vinavyoogopa kuhukumu.

Sindano yenyewe ni ya kawaida, nyembamba kiasi kwamba mbwa wengi hawahitaji nusukaputi. Inaingizwa kwenye uvimbe, inavutwa kidogo na kusukumwa tena mara kadhaa pasipo kuchomolewa, kila mara kwa upande mwingine. Ikitoka, bomba lililojaa hewa hupachikwa nyuma yake na kilichomo hupulizwa juu ya kioo. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Mwenye haraka hukandamiza, seli zikapasuka, akabaki na ukungu wa zambarau usiosomeka. Fundi hulaza kioo cha pili juu ya kile cha kwanza, akaviachanisha kwa kuviteleza, basi. Kikikauka ni rangi, maji, kisha darubini.

Kwetu, ambako mbwa wengi huzurura na kupandana ovyo, kioo kinachonivutia kuliko vyote ni cha saratani ile inayoambukizwa kwa kujamiiana. Seli zake ni za duara, na pembezoni zina vitundu vyeupe vilivyopangana kama ushanga. Mbwa mwenye saratani hii hakuzalisha ugonjwa mwilini mwake: seli hai za mbwa mwingine zimehamia kwake na kuota. Mbwa ana kromosomu 78, lakini seli hizi huwa na 57 hadi 64, na ukoo wao ulianza kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mrusi Novinsky aliihamisha saratani hiyo kutoka mbwa hadi mbwa katika miaka ya 1870, wakati wengi hawakudhani jambo hilo linawezekana. Na kwa kuwa mbwa hunusa na kulamba, daktari makini hukagua pia pua inayovuja damu.

Dawa ya saratani hiyo ni vinkristini, iliyotokana na mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi, uleule unaopandwa kwenye bustani nyingi za pwani yetu. Hutolewa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na mbwa wengi hupona kabisa. Ila tone likivuja nje ya mshipa, nyama huoza. Kwa hiyo kanula huwekwa kwenye mshipa ambao haujachomwa siku hiyo. Maji ya chumvi hupitishwa kwanza, dawa ikafuata polepole, kisha maji tena. Kabla ya kila dozi chembe nyeupe za damu huhesabiwa, na zikipungua mno, dozi husubiri. Kuna watu husifu upasuaji mkubwa. Mimi ningelipa kiingilio kutazama mkono huu usiotetemeka.

Kwa paka mambo hubadilika. Uvimbe unaoota pale palipochomwa chanjo hauachwi ukikaa zaidi ya miezi 3, ukizidi sentimita 2, au ukiendelea kukua mwezi 1 baada ya sindano. Aghalabu sindano nyembamba haitoshi kuutambua, hukatwa kipande. Ufundi uko katika kuchagua pa kukata, maana kidonda hicho lazima kiangukie ndani ya eneo litakaloondolewa baadaye, kisije kikapanda mbegu ya saratani kando. Paka mweupe aliyepata saratani ya masikio kwa kuunguzwa na jua ana nafuu: ncha za masikio hukatwa mapema, naye huendelea kuwinda panya.

Nyama iliyotolewa haitupwi ndani ya chombo hivi hivi. Mpasuaji huipaka wino kingo zake zote, ukakauka, ndipo anaizamisha kwenye formalini nyingi, mara kumi ya ujazo wake. Mtaalamu wa maabara atakapoikata vipande atautafuta wino huo kwa darubini. Akikuta seli za saratani zimeufikia, humpigia simu mpasuaji, na mgonjwa hurudishwa mezani.