Simba wa Kila Asubuhi

Watu wengi huamini kuwa sanaa ni mgeni asiye na siku: hufika apendapo, huondoka apendapo, na mwenye nyumba hana la kufanya ila kungoja mlangoni. Imani hii ni tamu, kwa kuwa humpa mvivu udhuru na aliyeshindwa faraja. Katika insha hii nakusudia kuipima kwa kazi moja ya mchoraji wa Japani, Katsushika Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760 katika mji wa Edo, ambao leo huitwa Tokyo, akafariki mwaka 1849.

Jina la Hokusai lilienea duniani kwa picha ya wimbi kubwa linalotaka kumeza mashua, na mlima Fuji ukionekana mdogo kwa mbali. Picha hiyo ilipigwa chapa kwa vibao vya mti yapata mwaka 1831, mchoraji akiwa mzee tayari. Lakini kazi ninayotaka kuihakiki si hiyo. Ni michoro midogo ya wino mweusi aliyoichora katika miaka ya 1842 na 1843, baada ya kupita umri wa miaka 80. Alijiwekea sharti la kuchora simba mmoja kila asubuhi, awe kinga ya kufukuza nuksi ya siku ile. Michoro 219 ya mfululizo huo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Kyushu, na mingi imeandikwa tarehe yake.

Asidhani msomaji kuwa mzee huyu alikuwa katika raha. Mwaka 1839 moto uliteketeza makazi yake pamoja na michoro mingi aliyoiweka akiba. Mali hakuwa nayo. Nuksi aliyotaka kuifukuza, basi, haikuwa neno la mzaha. Na silaha aliyoichagua ilikuwa brashi, wino na kipande cha karatasi.

Jambo la kwanza la kusifiwa katika michoro hii ni kwamba mada yake ni moja. Porini mwa Japani hakuna simba. Aliyechorwa ni yule wa hadithi za kale zilizotoka Uchina, mwenye manyoya yaliyojikunja, ambaye watu humwiga katika ngoma wakiwa wamevaa kinyago chake. Sisi tulio katika nchi ya simba wa kweli twaweza kumcheka mnyama huyu. Lakini tutazame vizuri. Mara ni simba mwenyewe, mara ni mtu anayemcheza simba. Na mwendo wa jana si mwendo wa leo. Mada ilipofungwa, mkono ulifunguliwa. Mzee hakupoteza asubuhi yake akijiuliza achore nini; swali lililobaki lilikuwa achore vipi, nalo ndilo swali la sanaa.

Jambo la pili ni udogo wa kazi yenyewe. Nadhiri kubwa hufa upesi. Kijana anayeapa kuandika kitabu kizima likizo hii aghalabu hurudi shuleni na kurasa tatu na aibu nyingi. Hokusai aliahidi karatasi moja, kazi iwezayo kumalizika kabla ya shughuli nyingine za siku kuanza. Tena idadi iliyosalia ni pungufu ya siku za mwaka mmoja: ama mingine ilipotea, ama zilikuwako siku alizokosa. Kwangu mimi hilo si dosari. Nadhiri ya kila siku haipimwi kwa siku iliyokosekana, bali kwa kurejea kwa siku iliyofuata.

Hapa wengi watasema, "Haba na haba hujaza kibaba." Naiheshimu methali hiyo, lakini katika sanaa haitoshi. Punje ya leo hulala juu ya punje ya jana, na kibaba hupanda. Simba wa leo halali juu ya simba wa jana. Kila asubuhi karatasi ni nyeupe kama ilivyokuwa mwanzo. Husimuliwa kwamba mzee alikuwa akiutupa mchoro nje ya nyumba mara akiisha kuuchora. Kilichojaa hakikuwa kibaba cha karatasi, bali mkono wake.

Yamkini mtu atapinga akisema kuwa mazoea huua sanaa, na kwamba afanyaye jambo lile lile kila siku hutwanga maji kwenye kinu. Pingamizi hili lina nguvu. Wako watu walioandika shairi kila siku kwa miaka mingi, na la mwisho halikulipita la kwanza hata kwa neno moja. Wala mhakiki mwaminifu hawezi kudai kuwa simba wote 219 wana uzito mmoja. Lakini lugha yetu yatupa jibu zuri. Yuko mtu anayeirudia kazi yake, na yuko anayeirudi, kama mzazi amrudivyo mwanawe. Hokusai alikuwa wa namna ya pili. Mwaka 1834, katika kitabu cha picha za mlima Fuji, aliandika kwamba yote aliyochora kabla ya umri wa miaka 70 hayakustahili kuhesabiwa, akatumaini kuwa akifika 110 kila nukta na kila mstari wake utakuwa hai. Mtu asemaye hivyo baada ya kulichora lile wimbi hajalewa mazoea.

Sikatai kuwa kipaji kipo. Nakataa tu kuwa kipaji chaweza kukaa bila kazi kisioze. Kijana usomaye insha hii, huenda unalo daftari ulilolifunga kwa sababu mchoro wa kwanza ulikuwa mbaya, au ubeti wa kwanza ulichekwa. Lifungue kesho kabla ya chai. Chagua jambo moja dogo, ulifanye, uliandike tarehe, kisha ulitazame kwa jicho kali. Likiwa baya, hukupoteza ila asubuhi moja. Na kesho kutwa iko asubuhi nyingine, na simba mwingine anangoja.