Nani Aingie Uwanjani?

Kila shindano lina hukumu mbili. Hukumu ya kwanza hutolewa kabla ya mchezo kuanza, na ya pili hutolewa mchezo ukiisha. Ya pili hushuhudiwa na watu wengi, nayo hupokewa kwa vigelegele au kwa machozi. Ya kwanza hutolewa mezani na watu wachache, wenye karatasi mbele yao, ambao huamua nani aingie na nani abaki nje. Watu hawaimbi nyimbo juu ya hukumu hiyo, lakini ndiyo mama wa ile ya pili. Mlango ukilindwa vibaya, taji la mshindi halina thamani, hata kama mchezo wenyewe ulikuwa mzuri.

Wakazi wa Kakamega hawana haja ya kufundishwa jambo hili na mgeni. Katika nchi ya Waisukha na Waidakho, fahali huongozwa kwenda kiwanjani kwa ngoma ya isukuti. Mtazamaji aliyesimama Khayega au Malinya huona pembe na vumbi, lakini mwenye busara huuliza kwanza kama mafahali hao wanastahili kukutanishwa. Vivyo hivyo katika michezo ya shule zetu, neno mamluki linajulikana sana: ni mchezaji aliyeingizwa katika timu isiyo yake ili ailetee kombe. Timu yenye mamluki yaweza kushinda kwa mabao matano, na bado ikawa haikushinda kitu.

Insha hii yataka kupima hukumu ya kwanza katika uwanja mwingine usio na vumbi wala kelele, yaani mashindano ya sataranji yachezwayo na kompyuta. Mchezaji katika mashindano hayo si mtu bali ni programu, yaani mfululizo wa maagizo yaliyotungwa na mtu ili mashine ijue kuchagua hatua iliyo bora. Mashindano ya namna hiyo yalifanyika New York mwaka 1970. Mwaka 1974 yakafanyika ya kwanza ya dunia huko Stockholm, ambako programu kumi na tatu zilikutana, na Kaissa ya Warusi ikashinda michezo yake yote minne. Tangu siku hizo waandalizi wamekuwa wakiulizana swali moja: ni programu ipi ipewe kiti?

Kipimo cha kwanza kimjiacho mtu akilini ni nguvu. Yaonekana ni haki kuwaita walio hodari na kuwaacha wengine. Lakini nguvu ya programu haitoki katika akili ya mtungaji wake peke yake. Hutoka pia katika mashine inayoichukua. Mwaka 1983, na tena mwaka 1986, taji la dunia lilichukuliwa na Cray Blitz, programu iliyotumia mojawapo ya mashine zenye kasi kubwa kabisa za wakati wake, ambazo mtu wa kawaida hakuweza kuzinunua. Je, hapo ilishinda akili au ilishinda mali? Mwaka 1995, huko Hong Kong, Fritz iliyochezeshwa katika kompyuta ndogo ya mezani iliishinda mashine iliyoandaliwa na kampuni ya IBM kuwa mtangulizi wa Deep Blue, kisha ikatwaa taji. Miaka miwili baadaye Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, mwenyewe. Basi mwandalizi ambaye angeufunga mlango mwaka 1995 kwa kutazama ukubwa wa mashine tu angalimfukuza bingwa kabla hajaketi.

Kwa sababu hiyo ninaona kwamba nguvu ni kipimo kizuri cha kumpangia mtu nafasi, lakini ni kipimo kibaya cha kumnyima nafasi. Mashindano yajulikanayo kwa herufi TCEC, yaliyoanza mwaka 2010, yamelitambua jambo hili. Huko programu zote huchezeshwa katika mashine zilizotolewa na mwandalizi, ili tajiri asishinde kwa utajiri wake. Nazo zimepangwa kwa madaraja, kama ligi ya kandanda, ambamo ashindaye hupanda na ashindwaye hushuka.

Faida ya mpango huo ilidhihirika katika Leela. Programu hii ilianzishwa mwaka 2018 na watu wengi waliojitolea, nayo haikufundishwa na mabingwa. Ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake mara nyingi mno. Ilipoingia mwaka huo katika daraja la nne ilikuwa ya mwisho. Ilipokuwa ikipoteza mchezo baada ya mchezo, mtu mwenye haraka angaliweza kuuliza mtoto huyu ametafuta nini kwa wazee. Lakini msimu uliofuata alipanda, na msimu wa baada ya huo akafika katika fainali akashindwa na Stockfish kwa pointi moja tu, 50.5 kwa 49.5. Mwaka 2019 akatwaa ubingwa kwa pointi 53.5 dhidi ya 46.5 za Stockfish ile ile. Haba na haba hujaza kibaba. Shindano lisilo na mlango wa chini hujinyima mabingwa wake wa kesho.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi, nacho ni uasili. Mwenye kuingiza programu sharti aonyeshe kwamba ni kazi yake. Chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, ICGA, kilichosimamia mashindano ya dunia, kiliweka kanuni kwamba programu iwe kazi ya wale walioiandikisha, na kwamba atumiaye kazi ya mwingine amtaje. Sababu yake ni wazi. Ikiwa programu kumi zitaingia, na saba katika hizo ni nakala za moja zilizobadilishwa majina, hatutakuwa tumeshindanisha watungaji kumi. Mafahali wawili hawakai zizi moja; lakini fahali mmoja aliyepakwa rangi mbili hawezi kupigana na nafsi yake tukaita hilo shindano.

Kesi iliyotikisa ulimwengu huo ni ya Rybka, programu ya Vasik Rajlich, ambayo ilitwaa taji la dunia mfululizo kuanzia mwaka 2007 hadi 2010. Kabla yake Mfaransa Fabien Letouzey alikuwa ametunga programu iitwayo Fruit, akaitangaza maandishi yake wazi ili kila mtu ayasome, kwa sharti kwamba atakayeyatumia na kuyatoa kwa watu naye atangaze yake. Watungaji kadhaa wakadai kwamba Rybka ilichota kutoka Fruit, na kwamba matoleo yake ya awali yalichota kutoka programu nyingine iitwayo Crafty. Rajlich alikana. ICGA ikafanya uchunguzi, na mwaka 2011 ikamhukumu: mataji yakafutwa, naye akafungiwa maisha.

Hapa mhakiki hana budi kutenganisha mambo mawili. Kuhusu kanuni yenyewe, ICGA ilikuwa na haki. Kusoma kazi ya mwenzako si wizi, wala kujifunza kwake si aibu. Hakuna fundi asiyekuwa na mwalimu. Lakini kuna tofauti kati ya kuchukua wazo na kuchukua maandishi, na tofauti hiyo sharti ilindwe, hata kama mpaka wake ni mwembamba.

Kuhusu namna ya kuhukumu, sifa hazistahili kuwa kamili. Kwanza, hukumu ilikuja baada ya miaka mingi ya ushindi. Mlango uliachwa wazi, kisha mgeni akatolewa karamuni akiwa amekwisha kula. Pili, miongoni mwa wasimamizi wa uchunguzi alikuwamo Robert Hyatt, mtungaji wa Crafty, programu iliyodaiwa kuchukuliwa. Sisemi kwamba hakutenda haki. Nasema kwamba mwenye shamba hapaswi kuwa hakimu katika kesi ya mahindi yake, hata akiwa mtu mwadilifu. Tatu, adhabu ya maisha ilikuwa nzito kuliko kanuni zilizokuwapo. Mwaka 2015 tume ya maadili ya shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, iliona kwamba adhabu hiyo haikuwa na msingi katika kanuni za chama, ikakionya chama hicho. Sheria ikitungwa baada ya kosa haifundishi wengi, hutisha tu.

Huenda msomaji akasema kwamba mambo hayo ni ya zamani. La, yanarudi kila mara kwa sura mpya. Mwaka 2021 kampuni ya ChessBase ya Ujerumani iliuza programu iitwayo Fat Fritz 2. Watungaji wa Stockfish, ambayo ni kazi ya bure iliyo wazi kwa wote, wakasema kuwa hiyo ni Stockfish yao iliyobadilishwa kidogo, wakaenda mahakamani, na pande mbili zikapatana mwaka 2022. Tena programu zinazojifunza zenyewe zimeleta fumbo ambalo wazee wa 1974 hawakuliwazia: kazi yake ni ya nani? Ni ya aliyeandika njia ya kufundishia, au ya aliyeifundisha, au ya aliyeandika sehemu inayocheza?

Jibu la TCEC kwa fumbo hili lilikuwa la busara. Waligawa programu ya namna hiyo katika sehemu tatu: maandishi ya kufundishia, ujuzi uliopatikana katika mafundisho, na sehemu inayoutumia ujuzi huo kuchezea. Wakasema kwamba anayetaka kiti sharti sehemu mbili katika hizo tatu ziwe zake. Kanuni hiyo haimkatazi mtu kuazima, wala haimruhusu kuazima kila kitu. Ubora wake mkubwa ni kwamba inajulikana mapema. Yaweza kulaumiwa kwamba ni ya hesabu mno, kwa maana sehemu moja yaweza kuwa na uzito kuliko mbili. Lakini kanuni yenye dosari inayojulikana na wote ni afadhali kuliko hekima iliyofichwa kifuani mwa hakimu.

Tukikusanya haya yote, twaona kwamba mchaguzi mwema ana wajibu wa namna nne. Atangaze kanuni kabla ya kuwaita watu. Achunguze kazi kabla ya mchezo, si baada ya taji. Asiwaweke washindani kuwa mahakimu wa wenzao. Na aache mlango mmoja wazi kwa wanyonge, kwa sababu nguvu ya leo haijui ya kesho. Mashindano ya programu yamejifunza mambo haya kwa gharama kubwa. Sisi twaweza kuyapata bure.

Wala tusidhani kwamba somo hili ni la wenye mashine peke yao. Kijana anayeandika insha usiku katika bweni la shule ya Kakamega, akiwa na kitabu cha mwenziwe kando, anasimama mahali pale pale aliposimama mtungaji wa programu. Akisoma, akaelewa, akakifunga kitabu na kuandika kwa akili yake, amejifunza. Akinakili na kubadilisha maneno machache, ameingiza mamluki katika daftari lake. Huenda mwalimu asigundue, na huenda akapewa alama za juu; lakini siku ya mtihani ataingia chumbani peke yake, na yule mamluki atabaki nje ya mlango.