Ekee na Baridi ya Julai

Baridi ya nyanda za juu za Kisii na Nyamira haisababishwi na umbali kutoka ikweta, ambayo iko karibu sana upande wa kaskazini, bali na mwinuko wa nchi yenyewe, ambayo sehemu zake nyingi ziko kati ya mita 1,500 na 2,200 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu huchelewa kuondoka mabondeni, na kazi za shamba dogo, yaani kukama ng'ombe, kumkatia majani ya nepia na kuchuma chai iliyolowa umande, hufanywa kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Kwa Abagusii wa zamani, wenyeji wa nyanda hizo, miezi hiyo ilikuwa pia ya kuvuna ulezi, nafaka ambayo Wakenya wengi huiita wimbi. Ulimwagwa shambani mwanzoni mwa mwaka, ukapaliliwa kwa mkono na kwa macho makali, kwa kuwa lipo gugu linalofanana nao mno ukiwa mchanga, ndiyo maana palizi ilihitaji egesangio, kikundi cha majirani waliosaidiana kwa zamu, au risaga, ambapo mwenye shamba aliwaalika watu wengi na kuwaandalia pombe. Masuke yalikatwa moja moja kwa kisu kidogo, na mabua yakabaki.

Mabua hayo ndiyo yaliyozaa ekee, kikapu cha kuandalia obokima, yaani ugali. Msusi aliyachagua yaliyo membamba na yaliyonyooka, akayakaza mzunguko juu ya mzunguko hadi ukuta wa kikapu ukawa mgumu kama gome, na aliyebobea aliutia mapambo ambayo hakuna aliyemwagiza. Uzuri wake, hata hivyo, ulidhihirika mezani zaidi kuliko machoni, kwani ugali wa moto hutoa mvuke, na mabua huunyonya huku yakihifadhi joto, ilhali sahani ya plastiki huurudisha mvuke huo ukawa maji na kuulowesha ugali upande wa chini kabla mlaji hajanawa. Kwamba chombo duni kimekishinda chombo bora, tena katika msimu ambao joto la chakula lina thamani kuliko wakati wote, ni jambo ambalo bei peke yake haiwezi kulieleza.

Yapo ya kueleza zaidi. Baada ya Mamlaka ya Ustawi wa Chai ya Kenya (KTDA) kuanzishwa mwaka 1964, miteremko mingi ilifunikwa na chai ya wakulima wadogo, na chai ikalipa karo, jambo ambalo hakuna mwenye haki ya kulibeza. Mahindi nayo yakachukua sehemu kubwa ya ardhi iliyosalia, na bua la hindi ni nene mno, halisukiki. Ekee inayoonekana leo mara nyingi imetundikwa ukutani, ikisifiwa na wageni ambao hawajawahi kulia humo.

Anayetaka kufundishwa kazi hiyo sasa hatafuti mwalimu tu, bali pia mwenye shamba la ulezi atakayemwachia mabua baada ya mavuno. Na shamba lililokwisha kugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, ni nadra kubaki na nafasi ya zao linalodai mikono mingi namna hiyo na ambalo kiwanda cha chai hakilipimi.